Sura ya Tano: Programu Iliyojitwalia Faili za Wenyewe

Apandaye abra, yaani mashua ya kuvukia, katika gati za Deira, akalipa dirham yake moja na kuteremkia ng'ambo ya pili ya hori la Khor, huwa ameshaingia Bur Dubai. Na akiipita ngome ya Al Fahidi, iliyojengwa mwaka 1787 na ambayo tangu 1971 imefanywa nyumba ya makumbusho, akakata katikati ya maduka ya vitambaa na vyumba vya mafundi cherehani, hachelewi kuifikia barabara ya Khalid bin Al Waleed, ambayo wenyeji wa zamani huijua kwa mabenki yake na wafanyabiashara wa leo huiita barabara ya kompyuta. Huko, kuelekea makutano ya Mankhool na jengo la Al Ain Centre, duka limegusana na duka, na Mhindi, Muajemi, Mpakistani na Mfilipino wameketi nyuma ya meza zilizojaa kompyuta mpakato, nyaya, diski na vipande vya mashine ambavyo asiyekuwa mwenye fani hawezi kuvitaja majina.

Mswahili si mgeni wa mtaa huu. Wako waliokulia Ghuba, wana na wajukuu wa watu waliohama Unguja na Pemba baada ya Mapinduzi ya Januari 1964, ambao huingia dukani wakazungumza Kiarabu na muuzaji, Kiurdu na mchukuzi, na Kiswahili wao kwa wao; na wako wapitaji, wafanyabiashara wanaokuja kwa siku chache, wakanunua kompyuta kumi au ishirini, nyingi zikiwa na vibonye vyenye herufi za Kiarabu na za Kilatini bega kwa bega, wakazikabidhi kwa wakala wa mizigo na kurejea Kariakoo, Darajani au Luthuli Avenue kuziuza. Bei ikishakatika, mteja huomba ajaziwe programu, na muuzaji aghalabu hukubali bila ya kuongeza hata fils moja, maana ukarimu huo haumgharimu ila dakika chache za kijana wake. Kijana basi huchomeka fleshi yake, hutia programu ya kusomea hati, hutia kinga ya virusi, na kwa kuwa hakuna asiyependa muziki na sinema, hutia programu moja, mbili au tatu za kuchezea sauti na video. Na kwa kuwa mashine nyingine zinamngoja, kila kidirisha kinachomwuliza swali hukijibu kwa kubonyeza “Next”, na “Next” tena, mpaka “Finish”, pasi na kusoma neno hata moja. Katika maswali hayo asiyoyasoma limo moja ambalo lilimpasa kumwuliza mwenye mashine: je, faili za aina gani zikabidhiwe kwa programu hii mpya?

Mathalani aje bibi mmoja wa Mombasa, mwenye duka la vifaa vya ofisi, aliyenunua hapo juzi na ambaye bado yuko mjini akingoja mzigo wake upimwe. Mashine aliichukua nzima, na usiku, hotelini, mwanawe akamchezea taarabu iliyonakiliwa kutoka diski ya VCD, wakafurahi wakalala. Asubuhi ankara ya wakala wa mizigo imeingia kwa barua pepe, naye akiibofya, badala ya karatasi yenye hesabu kinamfungukia kidirisha cheusi cha sinema, kikakaa kimya kitambo, kisha kikatoa maneno kwamba hakiwezi kuicheza faili hii. Anarudi dukani, na kijana wa kaunta, ambaye kwa bahati njema ni mtoto wa Kingazija aliyekulia Dubai, anamwamkia kwa adabu.

“Shikamoo, bi mkubwa.”

“Marahaba, mwanangu. Hebu nitazamie kitu hiki. Ankara yangu imegeuka sinema.”

“Haijageuka, mama. Ni ile ile uliyotumiwa. Kilichobadilika ni nani anayeitwa kuifungua.”

Jawabu hilo ndilo kiini cha sura hii nzima, na lau kama lingeenea kwa mafundi wetu wote, watu wengi wangesalimika na hasara. Faili iliyobadilishiwa mfunguaji haikuguswa. Hakuna hata herufi moja iliyoongezwa au kupunguzwa ndani yake. Karani wa forodha aliyesimama gatini wakati majahazi yanapakiwa hafungui kila gunia kutazama kilichomo, bali husoma chapa iliyopigwa ubavuni, na kwa chapa hiyo akaamua gunia liende ghala gani. Naye mwenye kuibadilisha orodha ya karani, akaandika kuwa kila chapa ya duara iende ghala la samaki, atakuwa amepeleka karafuu kwenye samaki bila ya kuzigusa karafuu zenyewe. Windows nayo husoma chapa tu. Chapa yake ni kiendelezi, yaani zile herufi tatu au nne zifuatazo nukta mwishoni mwa jina la faili, na yaliyomo ndani ya faili haiyashughulikii hata kidogo inapoamua nani wa kuyafungua.

Ada hii ina nasaba ndefu. Ilitoka katika CP/M, mfumo wa miaka ya sabini, ikarithiwa na DOS, ambamo jina la faili halikuruhusiwa kuzidi herufi nane na kiendelezi hakikuruhusiwa kuzidi tatu, na Windows ikairithi kutoka hapo. Haikuwa lazima mambo yawe hivyo. Macintosh ya kwanza, iliyotoka mwaka 1984, iliiandikia kila faili alama mbili zilizofichika, moja ya kusema faili ni ya aina gani na nyingine ya kusema ni programu ipi iliyoizaa, hata mtu angeipa jina alitakalo bila ya mashine kupotea njia. Na katika mifumo ya ukoo wa Unix imo amri ya zamani ambayo kazi yake ni kuchungulia ndani ya faili na kusema ni kitu gani, kwa kuwa faili nyingi hujitambulisha zenyewe katika herufi zao za mwanzo: hati ya PDF huanza kwa alama ya asilimia ikafuatiwa na herufi PDF, na mkoba wa ZIP huanza kwa PK, herufi za mwanzo za jina la Phil Katz aliyeubuni. Walakini dunia ilichagua nukta na herufi tatu, na uchaguzi wenyewe mara nyingine ulifanywa kwa wepesi wa kustaajabisha. Kiendelezi cha mp3, ambacho leo kinajulikana na kila mpiga disko wa harusini, kilipatikana Julai 1995 kwa kura ya barua pepe baina ya watafiti wa taasisi ya Fraunhofer huko Ujerumani.

Sasa, orodha ya karani iko wapi? Imo katika daftari kubwa la ndani la Windows, ambalo mafundi huliita rejista, na ambalo lilianza na Windows 3.1 mwaka 1992 kwa kazi hii hasa ya kuandika kiendelezi kipi ni cha programu ipi, kabla ya kujazwa mambo mengine chungu nzima kuanzia Windows 95. Katika daftari hilo kila kiendelezi kina ukurasa wake, na ukurasa huo umeandikwa jina la aina ya faili, na aina hiyo nayo ina ukurasa wake ulioandikwa amri ya kuifungua na picha ndogo ya kuionyesha, yaani ikoni. Juu ya hayo yote umewekwa ukurasa mwingine wa kila mtumiaji peke yake, unaohifadhi alichokichagua kwa mkono wake, na ukurasa huu ndio unaoshinda zote. Msomaji akilishika hili atajua sababu ya mambo mawili yanayowachanganya watu: kwamba programu ikijiandikisha kwa kiendelezi fulani, ikoni za faili zote za kiendelezi hicho hubadilika mara moja hata zikiwa elfu, na kwamba mtu akiiondoa programu hiyo kwa hasira, faili zake hubaki na karatasi nyeupe isiyo na picha, zikingoja mwenye kuzifungua, wala hazikufa.

Haikuwa bahati mbaya tu kwamba fitina hii ya kunyang'anyana viendelezi ilizuka baina ya programu za muziki na sinema kuliko, tuseme, za hesabu au za uchapaji. Katika miaka ya tisini mwishoni kila kampuni iliamini kwamba atakayemiliki mlango wa sauti na video katika kompyuta atamiliki biashara ya burudani duniani, na mlango wenyewe ulikuwa huo huo ukurasa wa daftari. Julai 1998 Rob Glaser, mwasisi wa RealNetworks na mtu aliyewahi kuwa mwajiriwa wa Microsoft, alikwenda mbele ya Kamati ya Sheria ya Seneti ya Marekani akiwa na kompyuta, akawaonyesha maseneta kwamba RealPlayer yake ilikuwa ikifanya kazi salama, na kwamba ikishatiwa Windows Media Player katika mashine ile ile, yake hushindwa. Microsoft ilijibu kwamba kasoro imo katika programu ya Glaser mwenyewe. Ugomvi huo ulifika mahakamani mwaka 2003, ukamalizwa kwa suluhu ya Oktoba 2005, Microsoft ikikubali kutoa fedha na huduma za thamani ya dola milioni 761. Na katikati ya muda huo, tarehe 24 Machi 2004, Kamisheni ya Ulaya nayo ilikuwa imekwisha kuitoza Microsoft faini ya zaidi ya euro milioni 497, pamoja na kuilazimisha itoe Windows isiyokuwa na Media Player ndani yake. Windows hiyo ilitoka, ikapewa herufi N, na wanunuzi wake wakawa haba, kwa kuwa bei haikupungua na hakuna anayependa kununua kilichopunguzwa kwa bei ya kilicho kamili.

Lakini nisimwache msomaji akadhani kwamba Glaser alikuwa mdhulumiwa mtupu. RealPlayer, hiyo hiyo iliyolalamikiwa mbele ya maseneta kuwa imevunjiwa haki, baadaye ilipata sifa ya kujitwalia faili za watu, kujirudisha katika nafasi iliyoondolewa, na kumtolea mtumiaji matangazo asiyoyaomba, hata jarida la PC World la Marekani, lilipopanga mwaka 2006 vyombo 25 vya teknolojia vilivyo vibaya kupita vyote, likaiweka ya pili. Waliofuata njia hiyo walikuwa wengi, na mtumiaji aliyetia programu tatu kwa pamoja alikuwa amefungulia vita ndani ya nyumba yake: kila aliyeamka asubuhi alikuta faili zake za wimbo zimehamia kwa mwingine. Kwa maoni yangu hapo ndipo ilipopotea adabu ya kazi hii. Maana programu yoyote ina haki ya kujitangaza kwamba inaweza kucheza mp3, ila hakuna iliyo na haki ya kuamua kwamba wewe umeichagua.

Microsoft ilichelewa kufunga mlango, ikaufunga kwa nguvu. Tangu Windows 8 ya mwaka 2012 ule ukurasa wa chaguo la mtumiaji umetiwa muhuri wa hesabu ambao programu ya nje haipaswi kuweza kuutengeneza, na Windows 10 ikikuta muhuri haulingani hulifuta chaguo hilo, ikakirudisha kiendelezi kwa programu yake yenyewe na kukutolea tangazo kwamba kuna programu iliyoleta kasoro. Ndiyo maana programu za sinema za siku hizi hazinyakui tena moja kwa moja, bali hukufungulia ukurasa wa Mipangilio na kukuomba uzichague. Ni nafuu kubwa, ijapokuwa mwenye jicho ataona kwamba katika kila kurudisha huko anayerudishiwa ni Microsoft.

Nirudi kwa bibi wa Mombasa, kwa kuwa kisa chake kinafundisha kuliko cha maseneta. Programu iliyomfungulia ankara haikuwa na kosa. Diski ya VCD, ambayo kanuni zake zilitolewa mwaka 1993 na ambayo kwa miaka mingi ndiyo iliyobeba taarabu, ngonjera za harusi na filamu za Kibongo katika kila nyumba ya pwani, huhifadhi video yake katika folda iitwayo MPEGAV, kwa faili zenye majina kama AVSEQ01.DAT. Kompyuta haikijui kiendelezi cha dat kuwa ni video, kwa hiyo mwana wa bibi alipoibofya faili ile mashine ikamwuliza aifungue kwa nini, naye akachagua programu ya sinema na kukubali kwamba iwe ndivyo daima. Tangu dakika hiyo kila dat ikawa sinema. Na dat, msomaji, ni kiendelezi kisichokuwa na mwenyewe. Kila mwandishi wa programu hukitumia kwa data yoyote aliyonayo. Ankara ya bibi ilikuja kwa jina la winmail.dat, ambalo ni la bahasha inayotumiwa na Outlook ya Microsoft pale mpelekaji anapoandika barua kwa namna yake ya maandishi yenye mapambo na mpokeaji akawa anatumia programu nyingine. Hapa kuna maradhi mawili yaliyolala kitanda kimoja, na fundi asiyeyatenganisha atahangaika bure: akiliondoa agizo la dat, sinema itakoma kutokea, lakini ankara bado haitasomeka, kwa kuwa bahasha ya winmail inataka msomaji wake maalumu, na dawa iliyo rahisi ni kumwomba mpelekaji aitume upya akiwa ameiweka barua yake katika namna ya HTML au ya maandishi matupu.

Dat ina jamaa zake. Ts ni mkondo wa video wa televisheni ya dijiti, na programu nyingi za sinema hujiandikisha nao, ila tangu 2012 ni kiendelezi cha lugha ya TypeScript pia, na vijana wanaojifunza kuandika programu hustuka kuona kazi yao yote imevaa ikoni ya koni ya barabarani, alama ya VLC, chombo kilichoanzia kwa wanafunzi wa École Centrale huko Paris mwaka 1996. Mod nayo ni video ya kamera kadhaa za mkononi na ni muziki wa kompyuta wa enzi za Amiga. Faili za kijana wa TypeScript ni salama. Hana haja ya kuiondoa VLC, ambayo ni chombo chema na cha bure, bali akipe kihariri chake kiendelezi kile kimoja tu.

Na namna ya kukipa ni hii. Katika Windows 10 na 11 mtu hubofya faili kwa kitufe cha kulia cha kipanya, akaenda penye “Open with”, kisha “Choose another app”, akachagua programu anayoitaka na kuthibitisha kwamba iwe hivyo daima. Kuthibitisha huku ndiko watu hukusahau, wakadhani mashine ina ukaidi. Mwenye viendelezi vingi vya kurekebisha heri aingie katika Mipangilio, sehemu ya programu za chaguo-msingi, ambamo Windows 11 ina kisanduku cha kuandikia kiendelezi, nukta ikitangulia, na hapo hapo ikaonyesha nani anakishika. Waliobaki na Windows 7 watalikuta jambo hili katika Control Panel, chini ya “Default Programs”. Kwenye Macintosh ya leo huchaguliwa faili, hubonyezwa Command na I, hubadilishwa programu, kisha hubonyezwa “Change All”. Kwenye simu za Android makosa hutokea pale mtu anapoulizwa kama ni mara moja tu au kila mara, naye akagusa “kila mara” ili aondokane na swali. Akiingia katika mipangilio ya programu hiyo iliyojitwalia, atakuta pa kufuta chaguo-msingi lake.

Lipo pengo moja ambalo Windows haikulijaza hata leo: unaweza kukihamisha kiendelezi kutoka programu moja kwenda nyingine, lakini hakuna kitufe cha kusema kwamba kisiwe na programu yoyote. Kwa dat ya bibi hilo ndilo linalotakiwa. Wengi hukikabidhi kwa Notepad wakaridhika, na si vibaya, maana Notepad haina makuu. Ila anayetaka kuirudisha hali ya asili hana budi kulifungua daftari lenyewe. Hushika ufunguo wa Windows pamoja na R, huandika regedit, hushuka katika HKEY_CURRENT_USER, kisha Software, Microsoft, Windows, CurrentVersion, Explorer, FileExts, akaukuta ukurasa wa .dat. Kabla ya kuugusa autoe nakala yake kwa amri ya “Export” na kuihifadhi mahali anapopajua. Kisha aufute huo mmoja, asiguse cha jirani, akatoke na kuingia upya. Ikoni zikiendelea kuonyesha sura ya zamani asishughulike, kwa kuwa Windows huweka akiba ya picha zake, na mashine ikizimwa na kuwashwa aghalabu hujirekebisha.

Balaa kubwa ya mlango huu ni ile iliyowapata watu wengi wakati wa Windows 7, nayo ilikuwa ikiletwa dukani kwa vilio. Mtu amebofya njia ya mkato iliyo katika uso wa kompyuta, kwa bahati mbaya akaiamuru ifunguliwe daima na mchezaji wa video; na kwa kuwa njia zote za mkato zina kiendelezi kimoja kilichofichika, lnk, papo hapo kila ikoni usoni mwa mashine ikageuka ya sinema, na abofyapo Word hupata mchezaji, abofyapo Excel hupata mchezaji, na abofyapo mchezaji hupata mchezaji analalamika. Mwenye mashine huamini kwamba kila kitu kimepotea. Hakikupotea chochote: Windows na R hazihitaji njia ya mkato, kwa hiyo regedit itafunguka kama kawaida, na katika ukurasa wa .lnk wa daftari lile lile kitafutwa kipengele cha UserChoice peke yake. Ikiwa ni faili za exe zenyewe zilizotekwa, jambo ambalo aghalabu ni kazi ya virusi, hata regedit hukataa. Hapo mafundi wa zamani hunakili regedit.exe na kuipa nakala hiyo kiendelezi cha com, nayo ikafunguka, kwa kuwa com ina ukurasa wake mbali na exe, kisha wakarekebisha lililoharibika na kutafuta kinga ya virusi.

Nimeyaeleza haya kwa urefu kwa sababu ya desturi moja mbaya inayoanzia katika baadhi ya kaunta za Bur Dubai ikafika mpaka vibanda vyetu vya nyumbani, nayo ni ya fundi kuitazama mashine yenye ikoni zilizogeuka, kutikisa kichwa, na kutoa hukumu kwamba haina budi ipigwe Windows upya. Kupiga Windows kunamlipa fundi, maana ni kazi yenye ujira uliozoeleka na isiyotaka fikra. Mteja ndiye anayelipa mara mbili, kwa fedha na kwa picha za arusi, hesabu za duka na sauti za marehemu wake ambazo hakukumbuka kuziwekea nakala. Kuifuta diski nzima kwa ajili ya ukurasa mmoja wa daftari ni dhuluma, na fundi aifanyaye akijua kwamba dawa ni ya dakika mbili amekula kiapo cha uongo kwa mkono wake. Akiifanya kwa kutojua, basi na ajifunze, kwa kuwa elimu yenyewe ni hii iliyokwisha kuandikwa hapa.

Nawe msomaji, siku utakaponunua mashine katika barabara ile, mwombe kijana akutilie programu moja tu ya sinema, usimame naye, na ukifika ukurasa unaoorodhesha aina za faili umwambie aondoe tiki katika zile usizozitaka. Kisha, kabla ya kutoa dirham zako, fungua mbele yake picha moja, hati moja ya PDF, wimbo mmoja na barua pepe moja yenye kiambatisho, uone nani anaitika.